Ndege ya Pazia

Vijana wangu wa studio, mmenisumbua vya kutosha. Tangu niwakabidhi funguo, kila mkipita hapa kwangu Mitwero wimbo ni mmoja: "Bi Picha, tuandikie. Bi Picha, usikae na mambo yako peke yako." Haya, nimekaa mkekani, miguu nimenyoosha, naandika. Habari za mshahara na vyeo msizitafute humu. Mshahara ulikuwa mdogo, na cheo kilikuwa "we binti, njoo hapa." Nitaandika yale ambayo hamtayapata kwenye simu zenu.

Siku ya kwanza kazini nilivaa gauni langu la Idi. Nilidhani mpiga picha naye anatakiwa apendeze. Mzee Nassoro, mwenye studio, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kazi yote na baadhi ya matusi. Alinitazama juu mpaka chini, akanikabidhi chanuo, kopo la poda na kitambaa. "Kazi yako ni nyuso," akasema. "Ukishazijua nyuso ndipo utagusa kamera." Nikachana watu nywele mpaka mkono ukaota sugu. Nimechana maharusi, nimechana mahujaji, nimemchana mzee mmoja karibu kipara kabisa aliyetaka nywele zilale upande wa kulia, na zisipolala anagoma kupigwa.

Kamera ilikuwa ya filamu. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha giza, na humo taa nyekundu na harufu ya dawa inayokufuata mpaka kwenye wali wa nyumbani. Mara ya kwanza nilipoona uso wa mtu unajitokeza polepole kwenye karatasi ndani ya beseni, nilipiga ukelele, "Subhanallah!" nikasukuma mlango na kutoka mbio. Mwanga ukaingia, karatasi zote zikawa nyeusi ti. Nikajua leo ndiyo leo. Mzee Nassoro akasema tu, "Maajabu umeyaona, na hasara yake umeiona. Funga mlango tuanze upya."

Studio ilikuwa na mali zake. Kulikuwa na koti moja la wanaume wote wa Lindi, tai iliyoshonewa mpira ili mtu asihangaike kuifunga, simu ya mezani isiyo na waya, na maua ya plastiki ambayo niliyaosha kila Ijumaa. Lakini fahari yetu ilikuwa pazia la ndege. Mzee Nassoro alilichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta kwenye turubai: ndege nyeupe, madirisha, mlango wazi. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuisogelea ndege maishani mwake. Alizijua zile zinazopita juu tu. Basi mlango akauweka tumboni, chini ya bawa, maana huko ndiko alikokuona. Hakuna mteja aliyejali. Mbele ya pazia tuliweka ngazi fupi ya mbao, mteja anapanda, anageuza shingo nyuma, anapunga mkono kama anaaga, kachaa! Lindi nzima imesafiri pale, na wengine mpaka leo hawajafika hata Mtwara.

Mzee alikuwa na msemo wake mmoja ambao nilimcheka miaka mingi. "Mteja akilalamika, mshukuru Mungu. Atakwambia umenizeesha, umeninenepesha, pua yangu haiko hivi. Huyo amejiona. Mwogope anayechukua picha akaondoka kimya." Mimi nilidhani anajifariji, maana wateja wetu walilalamika kutwa nzima.

Siku moja aliingia mkulima kutoka bara ya Kilwa, milimani huko Umatumbini, na jembe begani. Nikamwambia, "Shikamoo babu. Jembe liache mlangoni, tukupige vizuri." Akanishangaa. "Bila jembe watajuaje kama ni mimi?" Nikamgeukia Mzee Nassoro nikitegemea tucheke pamoja. Yeye alikuwa ameshasogeza taa, anamwambia babu asifute udongo. Picha ile ilikaa dirishani kwetu mpaka jua likaifuta.

Kuwa mwanamke kulinisaidia. Waume waliokuwa hawataki wake zao wapigwe na mwanamume walisema, "Nendeni kwa Bi Picha." Niliingia vyumba vya maharusi, niliitwa kwenye ngoma za kutoa wali, wasichana wanaotoka unyagoni, mahali ambapo mpiga picha wa kiume angekimbizwa na michi. Kumbukeni hilo, mabinti mlioko pale: kuna milango mtafunguliwa nyie tu. Mkifunguliwa, mtulie, msijifanye mnajua.

Mzee Nassoro alifariki, kamera za filamu zikamfuata. Wateja wakawa wanataka pazia la bluu la kitambulisho, wakae, masikio yaonekane, wasicheke, waondoke. Pazia la ndege likawa linanijazia duka. Nikampa Mama Sofia, mama lishe wa njia panda ya Mingoyo, azuie upepo jikoni kwake. Ukiagiza chai pale unaiona ndege imetua nyuma ya sufuria.

Sasa nifike kwa Somoe. Mwenyewe ameniruhusu, ila amesema nisisahau habari ya mabega. Nitafika.

Somoe alikuwa fundi cherehani, mtaa wa pili tu kutoka kwangu. Akikushonea gauni, mabega yanakukaa kama umezaliwa nayo. Kisha ugonjwa wa akili ukamwingia taratibu, kama unyevu unavyopanda ukutani. Mume akamwacha. Binti yao mdogo akachukuliwa na bibi yake mzaa baba, Bi Hadija, akalelewa kwake Nangurukuru. Somoe akawa mtu wa wodini na nyumbani, nyumbani na wodini, na mitaani watu wakasahau hata jina lake, wakawa wanasema "yule mwehu." Nilipokutana naye studio alikuwa ametulia, anakwenda kliniki kila mwezi, na aliyemsimamia ni mdogo wake, Zainabu.

Walikuja kwa picha ya kitambulisho. Nikampiga, nikachapa, nikampa. Akaitazama, akaigeuza nyuma kama anatafuta kitu, akanirudishia.

"Huyu nani?"

"Wewe huyo, dada yangu."

"Mimi simo humu."

Nikajua ni malalamiko ya kawaida. Nikapiga nyingine, nikasogeza taa. "Simo." Nyingine. "Bi Picha, nakwambia simo." Zainabu machozi yakaanza kumlengalenga kwa aibu. "Dada, twende, mwenzio ana kazi."

Nanyi mnanijua, mimi hasira zangu ziko karibu. Nikasema, "Zainabu, kaa chini. Na wewe Somoe, kama humo humu, uko wapi? Niambie nikufuate huko huko na kamera!"

Nilisema kwa kukereka tu. Lakini Somoe aliinua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Utakuja kweli?"

"Kwa nini nisije?"

"Basi nitarudi Jumanne na vitu vyangu."

Kabla ya Jumanne nilikwenda kliniki kwa Nesi Tabitha, aliyekuwa akimhudumia, kumuuliza kama nitamdhuru. Nesi alifikiri, akasema, "Dawa ni kazi yangu, picha ni kazi yako. Ila usimkisie. Muulize, kisha fanya anavyosema. Akichoka, acha." Sijapata maelekezo ya kazi mazuri kuliko hayo, na sikuyapata studio.

Jumanne akaja na furushi. Akatoa gauni lake la zamani la kazini, akalitundika kwenye kiango cha makoti, akafunga vifungo vyote, akalivisha shingoni futi yake ya kupimia nguo. Akalisogezea kile kiti changu kizuri. Yeye mwenyewe akakaa chini sakafuni, kanga mpaka machoni.

"Huyo wa kwenye kiti ndiye Somoe fundi," akasema. "Mimi ni mgeni wake. Tupige."

"Taa nimmulike nani?"

"Yeye. Mimi nimulike kidogo tu."

Zainabu akanong'ona, "Dada, watu watatucheka."

"Ndiyo maana nimekaa chini, nisiwaone."

Wiki iliyofuata alileta kioo. Akakishika mbele ya uso wake, kikitazama kamera, hivi kwamba mahali pa uso wake nilijiona mimi, Bi Picha mzima, jicho moja nimefumba. "Miaka yote watu wakinitazama wanaona hofu yao," akasema. "Mimi mwenyewe hawanioni." Haya, vijana, funzo la kazi: kioo na mwanga wa mbele haviivani. Leta taa kwa pembeni, shusha kamera kidogo, na kama mpiga picha anaonekana humo basi afunge kilemba vizuri. Changu kilikuwa kimeshuka kama cha mtu aliyetoka kupepeta mchele.

Siku nyingine alijifunga pindo la kanga kwenye kifundo cha mkono, pindo la pili akampa Zainabu. "Simama kule, vuta kidogo. Kama zamani."

Zainabu akawa kama amemwagiwa maji. Siku za ugonjwa mkali ndivyo alivyokuwa akimfunga dada yake, asije akatokomea.

"Mlinifunga nisipotee," Somoe akasema, wala hakuwa na hasira. "Na mimi nilikuwa nimeshapotea tayari. Nilikuwa sijui nawaambiaje."

"Dada, nisamehe."

"Shika pindo, Zainabu. Tunapiga picha."

Nilipiga huku mafua yananibana, mafua ya uongo. Nilipomwonyesha, aliitazama sana, akasema, "Enhe. Hapa nimo kidogo."

Sasa msije mkadhani picha zilimponya. Siku akikosa sindano yake, hakuna kamera ya kumsaidia, na mara moja katikati ya kazi zetu alirudi wodini, nikabaki nalifuta vumbi lile gauni lake kwenye kiango. Aliporudi aliniuliza tu, "Fundi hajambo?" Nikasema hajambo, anakusubiri.

Ndipo siku moja alipokuja na picha kuukuu, pembe zimeliwa. Nikaijua kabla hajaniwekea mkononi. Pazia la ndege! Somoe msichana mbichi, juu ya ngazi yetu, mkoba wetu wa studio mkononi, anapunga mkono.

"Nani alipiga hii?"

"Mimi hapa."

"Umeniponza," akasema, akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Akanieleza. Alipopelekwa hospitali, mtoto wake alikuwa mdogo, analia anamtaka mama. Bi Hadija hakujua amwambie nini. Akaitoa picha ile ukutani, akamwonyesha: "Mama yako kapanda ndege, kaenda Arabuni kufanya kazi. Si unamwona anakuaga?" Nani atabisha? Ndege ile pale, na mama yule pale mlangoni, hata kama mlango uko tumboni. Mtoto akakua akipungia kila ndege inayopita juu ya Nangurukuru, mpaka akaacha. Picha yenyewe akaitupa. Zainabu ndiye aliyeiokota alipokwenda kuwasalimu.

"Sasa yuko ndani, anachezwa unyago," Somoe akasema. "Anatolewa mwisho wa mwezi. Amemwambia nyakanga, kungwi mkuu wao, kwamba mama yake alipanda ndege akakataa kushuka, na hataki kusikia habari zake. Nikitokea pale na kanga yangu, nitakuwa nani? Mama yake yuko angani. Bi Picha, nataka kushuka. Nipige nikishuka."

Nilifunga duka saa ile ile, nikaenda Mingoyo.

"Ndege yangu?" Mama Sofia akang'aka, mwiko mkononi. "Na upepo huu? Maandazi yangu nikaangie wapi?" Tulivutana mpaka chai ikapoa, akaniachia nilipomwahidi turubai jipya. Pazia lilikuwa limeingia moshi, weupe wote umekuwa kahawia, na mkiani kuna doa la mchuzi wa samaki. Nilipolitundika studio, Somoe alilizunguka.

"Imechoka hii."

"Safari ilikuwa ndefu, mwenzangu."

Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Kupanda ndege ya pazia ni rahisi, unageuza mgongo, basi. Kushuka ndiyo kazi, maana lazima uitazame kamera. Somoe alikataa poda. Akaivua ile futi kwenye shingo ya gauni, akaivaa yeye. Akapanda mpaka kidato cha juu, akageuka, akabaki pale pale juu.

"Nikishuka, nani atanipokea?"

Nilikumbuka maneno ya Nesi, sikumkisia. Zainabu akaweka mkoba wake chini, akaja akasimama mwisho wa ngazi, akanyoosha mikono. Somoe akateremka kidato kimoja. Kachaa.

Picha ile niliitia kwenye bahasha, nikampa kondakta wa basi la Kilwa ampelekee Bi Hadija, naye ampe mjukuu wake. Jioni yake simu ikalia.

"Bi Picha, wewe ni mtu mzima! Unataka kunivunjia ngoma?"

"Shikamoo kwanza, Bi Hadija."

"Marahaba. Unataka kunivunjia ngoma? Mtoto nimemlea mimi! Ningemwambia nini? Kwamba mama yake anaokota makopo stendi? Ile ndege ilikuwa sitara!"

"Ilikuwa sitara, mama, na Mungu akulipe. Lakini mama yake ameshatua. Sasa aendelee kumsubiri nani?"

"Akija, akae nyuma na wageni. Akiharibu, namtoa mwenyewe."

"Na picha, umempa mtoto?"

Akakata simu.

Siku ya kutoa wali tuliteremka Nangurukuru watu watatu, mimi na kamera, Zainabu na dawa za dada yake, Somoe na kifurushi, ile futi bado iko shingoni mwake. Tukakaa nyuma kama tulivyoamriwa. Somoe alikuwa na hofu moja kubwa. Kwetu huku mwali akitoka anakuwa na jina jipya, na kumwita jina la utotoni mbele za watu ni tusi. Hilo jipya hakuna aliyekuwa ametuambia. "Nitamwitaje mwanangu?" aliniuliza njia nzima.

Wali wakatoka, wamepakwa mafuta, kanga mpya, vichwa vimeinama. Desturi ni kwamba mwali hainui macho wala hasemi, watu wanapita wanamtunza, huyu kanga, huyu shanga. Nilikuwa mbele napiga picha nilipomwona Somoe anakuja kwenye mstari. Upande wa pili Bi Hadija naye akasimama. Nikawaza, akiitwa mwehu hapa leo, hatopanda tena ngazi yoyote.

Somoe akafungua kifurushi. Lilikuwa gauni, la kwanza kulishona tangu augue, bila kumpima mtu, kwa kukisia tu jinsi mtoto atakavyokuwa amekua. Akaliweka juu ya mabega ya binti yake. Na hapa ndipo penye habari aliyoniusia: mabega yalikaa sawasawa, kama yamepimwa.

"Mwanangu," akasema, basi.

Mwali akainua macho. Akamtazama usoni, akaitazama ile futi shingoni, akarudi usoni.

"Umeshuka," akasema.

"Nimeshuka, mama."

Nyakanga akafungua kinywa amkemee mwali kwa kusema. Bi Hadija akamwahi kwa kigelegele, kirefu, cha kifua kizima, akina mama wengine wakadakia, na kemeo lenyewe likapotelea humo. Kumbe picha alimpa. Mimi nililia waziwazi, wala sikusingizia mafua.

Wiki chache baadaye Somoe akarudi studio, peke yake safari hii. Kile kitambulisho kilikuwa bado kinamsubiri. Nikamkalisha mbele ya pazia la bluu, masikio nje, asicheke. Nikachapa, nikampa, kisha nikajitia kutafuta kitu mezani, maana nilikuwa naogopa. Akaitazama. Akaigeuza nyuma. Akairudisha mbele.

"Bi Picha."

"Naam."

"Huyu ni mimi. Lakini mbona umenizeesha hivi? Na shingo yangu umeifanyaje?"

Nikashika kiuno. "Shingo umekuja nayo mwenyewe! Ningeitoa wapi nyingine?"

"Ya kwangu si nene hivi."

"Somoe, usinichezee, hii kamera haijui kunenepesha mtu!"

Tuligombana mpaka muuza duka wa jirani akaja kuchungulia. Nikampiga upya. Ya pili akasema pua si yake. Ya tatu akaichukua kwa shingo upande, akaondoka bado ananung'unika barabarani, nami nikabaki mlangoni namsikiliza mpaka akakata kona. Mzee Nassoro angefurahi.